Nzi za Nyamisi Nimezichanganya

Baba Magesa,

Huko kaburini Murangi tulikokulaza hujasikia, acha nikwambie. Mimi nasema, anayeandika ni Nyamisi, mjukuu wako, na amenuna, maana niliyemkosea ni yeye.

Wewe ndiye ulimwambia asome mpaka mwisho. Haya, chuo wamempa nzi. Nzi, mzee wangu, zile ndogo za ndizi zilizooza. Amekuja nazo likizo hapa Makoko, chupa mbili, na anazipikia uji wa mahindi wenye sukari. Mimi wa kwangu nakunywaga mkavu, bila sukari. Eti anachunguza jicho. Anasema ndani ya jicho la nzi kuna milango midogo, mwanga ukigonga inafunguka, chumvichumvi inaingia, ndiyo nzi anaona. Chupa moja ni za mlango mbovu: ukiwasha taa zinaiona, halafu taa inawaka hivyo hivyo na zenyewe zimeshaingia giza.

Hizo vipofu nikaona zimebaki chache. Kuku akifa, vifaranga si tunavipelekaga kwa kuku mwingine? Nikazimimina kwa wenzao wanaoona. Nilikuwa nasaidia. Nyamisi kurudi kutoka Bunda, akakaa chini kwenye vumbi. "Bibi, zimeshaoana. Kazi yangu imekufa." Hata hakunigombeza, na hiyo ndiyo imeniudhi.

Lakini uliyeanza kuniudhi ni wewe. Ulikuwaga unatoka nje asubuhi, unasema, "Mama Magesa, nilikuwa naona, sasa sioni," na jua limesimama pale pale. Nikasema unakwepa kuanika dagaa. Mbona hukunibishia? Ulipapasa tu ukuta mpaka ndani. Nimemuuliza Nyamisi kama ilikuwa hiyo milango. Anasema jicho la mtu siyo la nzi, hajui. Shule yote hiyo, hajui.

Sasa tunazitenganisha moja moja, zenyewe na watoto zao. Anaiweka kwenye mrija wa kioo, mimi namulika tochi mwisho wake. Ikifika ikakaa, chupa hii. Ikifika halafu ikapotea njia, chupa ile. Shingo inaniuma. Jana moja imepotea, nikajikuta naiambia, "Pole baba, taa iko hapa." Nyamisi akaniangalia, akaweka nyingine kwenye mrija.

Basi lala, Baba Magesa. Tochi hii nitaishika mpaka mtoto aondoke na chupa zake mbili. Na mtu mwingine akiniambia haoni, nitamshika mkono kwanza.

Mkeo.