Kikapu cha Wali na Dakika Tatu za Kuomba Radhi

Mshauri mpendwa Bi Lalao,

Nina miaka sabini na mbili na sijawahi kuliandikia gazeti, lakini nahitaji msaada wako kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, kwa sababu nimemharibia mjukuu wangu Voahirana jambo lake, na yeye, kwa adabu aliyonayo, hajanilaumu hata kwa neno moja, na ukimya huo ndio unaonimaliza.

Niruhusu nianze na kikapu. Nilitoka kwetu Mananjary baada ya kimbunga, nikaja hapa Antananarivo kukaa mwaka mmoja, na mwaka huo mmoja sasa umetimiza arobaini na minne, na katika vyote vilivyokuwa nyumbani kwa mama nilichobaki nacho ni namna yake ya kupika wali: unauchemsha kidogo tu, unaepua sufuria, unaizika ndani ya kikapu kilichojaa majani makavu ya mpunga, unafunika kwa mto, na wali unajiivisha wenyewe bila mkaa huku wewe uko shambani. Voahirana alikuwa amekwenda kwenye lile shindano la vijana la siku tatu, unaloingia Ijumaa alasiri na wazo, na Jumapili mchana unatakiwa uwe na biashara, nami Ijumaa hiyo nikampelekea wali na kisamvu cha nyama ya nguruwe. Niliupika saa sita mchana, tukaufunua saa kumi na mbili jioni, na mvuke ukapanda mpaka kwenye miwani ya mwenzake Tsiry, kijana ambaye wazo lake lilikuwa limekosa kura za washiriki muda si mrefu kabla ya hapo.

"Babu, hii ina umeme?" akauliza.

"Ina majani."

"Majani matupu?"

"Na mto wa marehemu mke wangu. Usiudondoshee kisamvu."

Basi wakaacha wazo walilokuwa nalo wakashika langu la kikapu. Jumamosi nzima walizunguka sokoni wakiwauliza akina mama gunia la mkaa linawatosha siku ngapi, wakashona vikapu viwili, wakarudi na majina ya wanawake thelathini na mmoja wanaovitaka, ikabaki Jumapili kusimama mbele ya majaji na kusema kwa dakika tatu, na wakanipa mimi niseme, kwa kuwa kwa miaka thelathini nimekuwa msemaji wa upande wa waoaji hapa mtaani. Nikiri kwamba nilijitolea mwenyewe, maana siku hizi harusi haziniiti kama zamani. Voahirana alitaka tufanye mazoezi tukihesabu dakika. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, nimewaposea watu mia mbili, dakika tatu zitanishinda?"

Zilinishinda. Wewe ni mtu wa hapa, unajua kwamba kwetu mtu hafungui mdomo mbele za watu kabla ya kuondoa lawama kwa kuomba radhi, kwa hiyo niliwaomba radhi walionizidi umri, ingawa ukumbini hapakuwa na hata mmoja, nikawaomba walio wadogo kwangu, nikawaomba waliotangulia mbele ya haki, nikawaomba wenye mji kwa kuwa mimi ni mgeni kutoka pwani, nikawaomba majaji, na msichana mmoja mbele alipoinua karatasi iliyoandikwa "dakika moja" nilidhani ananisalimu, nikamshukuru na kumwomba radhi yeye pia. Watu wakacheka. Nilidhani wamefurahi. Kengele ilinikuta nikisema, "Basi, baada ya hayo…"

Voahirana akafunua kikapu, wali ulikuwa wa moto, watu wakala. Majaji wakasema hawawezi kukipa alama kitu wasichokisikia, lakini ile kura ya ukumbi, inayopeleka timu moja kwenye fainali, ikatuangukia sisi. Mshindi wa fainali ya Jumamosi hiyo atapewa karakana kwa mwaka mzima, na wale wanawake thelathini na mmoja wanasubiri.

Sasa Tsiry anasema, "Babu, safari hii anza na kikapu, radhi tutaomba nyumbani." Ratsimba, msemaji mwenzangu, anasema kuhutubia bila kuomba radhi ni kuingia nyumba ya watu kupitia dirishani, na nikithubutu nisimjue tena. Voahirana huja kula kwangu kila Jumatano. Jumatano hii hakuja. Je, niseme bila kuondoa lawama, au nijitoe, waseme babu amesusa?

Ralaivao, Isotry

*

Mzee Ralaivao,

Shikamoo, na uniwie radhi. Umeona? Imekwisha.

Nimecheka, mzee wangu, sikufichi. Huyo msichana wa karatasi nitamkumbuka mwaka mzima. Kisha nikaisoma barua yako mara ya pili, nikahesabu uliowaomba radhi: wazee wasiokuwepo, wadogo, marehemu, wenye mji, majaji na mshika karatasi. Voahirana hayumo. Aliyeshona vikapu, aliyekuomba mazoezi ukamcheka, ndiye pekee uliyemsahau.

Naelewa kilichokupata. Mtu aliyekaa ugenini miaka arobaini na minne, harusi zimeacha kumwita, akipewa kipaza sauti hakiachii. Lakini kipaza sauti kile kilikuwa cha mtoto, na wewe unajua hivyo, ndiyo maana umeniandikia mimi badala ya kwenda kwake.

Kwa hiyo usimngoje. Kesho beba kikapu, nenda kwake, mwombe radhi kwa sentensi moja. Methali usiziguse. Halafu mle, na wakati mnakula umsimulie habari za mama yako na yale majani ya mpunga. Mimi, mgeni, umenisimulia. Mjukuu wako ameuona mto tu. Hiyo ndiyo hotuba anayoihitaji, naye ataifupisha, mwache aifupishe.

Kuhusu lawama, Ratsimba ana haki yake: mlango lazima ufunguliwe. Lakini nani alisema ufunguliwe ndani ya dakika zenu tatu? Waombe waandaaji wakupe nafasi asubuhi, kabla ya timu ya kwanza, wakati hakuna saa inayohesabiwa, usimame uwaombee radhi vijana wote watakaosema siku hiyo, wenu na wapinzani. Hapo tanua kifua, taja wazee, taja wadogo, taja na huyo msichana. Mwalike Ratsimba akusikilize. Akae.

Zamu yenu ikifika, anasema Voahirana. Wewe unasimama kando ya kikapu, mikono juu ya mto. Akimtaja mama yako wa Mananjary, uuinue mto.

Mvuke ukipanda, mzee wangu, usiseme kitu. Hata samahani.

Bi Lalao