Mlango Nilioufungua Ankerstrasse

Berlin Magharibi,
22 Desemba 1963

Mpendwa Mjomba Ewald,

Shikamoo. Habari za Buenos Aires? Kile kikohozi kimekuachia? Mimi ni mzima wa mwili, ila hofu imeninyima usingizi.

Unaikumbuka stesheni ya treni ya chini ya ardhi ya Ankerstrasse, uliyoibandika vigae ukiwa kijana? Wakati wa vita mama alinificha humo mabomu yakianguka. Tangu ukuta ujengwe, imefungwa. Iko chini ya upande wao wa Mashariki, lakini treni yetu ya Magharibi bado hupita humo bila kusimama. Vigae vyako vimekuwa vyeusi kwa vumbi, na askari wenye bunduki wamesimama kimya kwenye giza.

Mwezi uliopita, saa nne asubuhi, treni niliyopanda ilizimika humo humo. Mwashi mmoja aliyekuwa akiziba ngazi kwa matofali akatupa mwiko, akakimbilia mlango wangu.

"Fungua, dada! Fungua, wataniua!"

Mzee niliyekaa naye akanidaka mkono. "Wewe mama, acha! Unataka kutuponza sote?"

Nikauvuta mlango. Mwashi akaangukia miguuni pangu. Askari akaja mbio, akanimulika tochi usoni, akanitazama. Sijui kwa nini hakupiga risasi. Treni ikanguruma, tukaondoka.

Yule mwashi, Lothar, amepata kazi Hamburg. Mimi nimebaki na yale macho ya askari.

Sasa wameturuhusu kuvuka kwa ajili ya Krismasi. Nimepata kibali cha tarehe 26 kwenda kumwona mama huko Mashariki. Miaka miwili na miezi minne, mjomba! Dada yako amekonda, nasikia, na goti halimpeleki hata dukani. Lakini je, nikimkuta askari yule mpakani? Mama hajui lolote, maana barua zake hufunguliwa. Nawe tafadhali usimwandikie habari hizi.

Mara tatu nimekitoa kile kibali ili nikichane. Nimeshindwa.

Nitakwenda. Nimemnunulia kahawa na soksi za sufu. Usipopata barua yangu hadi mwisho wa Januari, ujue wamenishika. Hapo ndipo umwandikie mama, umwambie sikumsahau, nilikuwa njiani kwake.

Nisalimie mkazamjomba Pilar na binamu Rodolfo. Mungu awatunze nyote, nami anivushe kwenda na kurudi.

Mpwa wako akupendaye,
Irmtraud