Mistari ya Ostrander

Hampton, Virginia
12 Novemba 1963

Kaka yangu mpendwa Harlan,

Pokea salamu zangu. Natumai kifua kimeacha kukubana, na wifi na watoto hawajambo. Mimi mwili ni mzima. Maharage makavu mliyonitumia yamefika, nashukuru sana.

Unaijua kazi yangu, kaka: kusoma karatasi. Marubani wa anga za juu hufanya mazoezi ndani ya chombo kilichoning'inizwa kwa nyaya kwenye paa la banda la ndege, wakijifunza kukiunganisha na chombo kingine. Kila wanaposogeza usukani, kalamu huchora mistari, nami hupima makosa yao. Baada ya miaka miwili nawajua kwa mistari tu. Marehemu Dwight Ostrander, kabla ya kuunganisha, alikuwa akiugusa usukani kushoto mara tatu, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Alizoea kunitania, "Lorena, unanijua kuliko mke wangu. Usimwambie lakini."

Mwezi uliopita ndege yake ilianguka kwenye ukungu. Tulimzika Jumamosi. Jumanne iliyofuata, watu waliporudi kutoka kula chakula cha mchana, walikuta karatasi mpya imetoka mashineni. Chombo kilikuwa kimeunganishwa barabara. Na kwenye mistari, kushoto, mara tatu.

Fundi wa umeme alivua kofia. Merle Haskew, rubani aliyepewa nafasi ya marehemu, aliitazama ile karatasi, kisha akaniuliza polepole, "Ni yeye?" Nikamjibu kwamba mistari ni yake. Tangu hapo Haskew akawa hapati usingizi. Wiki ya pili aliandika barua ya kujiondoa katika safari ya anga za juu. Kanisani mkewe alinishika mikono, akasema Mungu amlaze pema Ostrander, maana amemwonya mume wake.

Kaka, aliyekuwa ndani ya chombo mchana ule ni mimi. Mashine huachwa ikiwaka saa za kula. Wenzangu walipotoka nilipanda ngazi nikakaa kwenye kiti chake, kwa sababu nilikuwa na kilio ambacho sikuwa na haki ya kukitoa makaburini, mbele ya mkewe. Nikashika usukani. Mimi sijawahi kurusha hata tiara. Mkono ukaenda wenyewe.

Jana nilimwendea mkuu wetu, Bwana Prewitt, nikakiri yote ili Haskew arudishiwe nafasi yake. Hakunikaripia. Alisema, "Dada, marubani wenyewe huhangaika na hiki kitu miezi. Haya, panda utuonyeshe." Nikapanda mbele ya wote, Haskew akiwemo. Nilijaribu mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja niligonga. Karatasi ikatoka imejaa mikwaruzo kama ya mtoto mdogo. Haskew mwenyewe alinisaidia kushuka. Akaniambia nina moyo mwema, kumtungia uongo ili apate kulala, lakini hatarudi.

Umenilea, kaka, unajua nikisema kweli ninakuwaje. Niandikie uniambie kama unaniamini, maana hapa hakuna anayeniamini, na tangu jana nautazama mkono wangu wa kulia kama wa mgeni.

Nibusie watoto, na wifi mwambie namkumbuka.

Mdogo wako,
Lorena