Mama Mdogo Hataki Kurudi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mama mdogo Kokusima yu hai! Nimempata kwenye kijiji cha ujamaa huku Muleba, akipalilia kwenye manyunyu ya mvua na kucheka na wenzake.

Nilimwambia kama ulivyonituma, kwamba chumba kiko tayari nyumbani kwako Rwamishenye, aje apumzike. Si unakumbuka mashemeji zake walivyomtoa kwenye kibanja, shamba la migomba la mumewe, kwa sababu alikufa bila mtoto wa kiume? Alinishika uso kwa mikono yenye matope, akanitazama sana.

"Mwambie dada nampenda," alisema, "lakini sirudi. Kule nililima miaka yote ardhi ya ukoo wa mume wangu, na alipokufa nikawa mgeni. Hapa shamba ni letu sote tunaolima."

Sikumwelewa mpaka jana jioni, kwenye mkutano wa kupanga kahawa ipandwe wapi. Mama mdogo alisimama, akasema bondeni maji yanatuama, mizizi itaoza. Wanaume walimsikiliza mpaka mwisho, kisha wakakubaliana naye. Mama, nililia pale pale kwenye benchi.

Leo ametupikia ndizi na maharage, akanijazia sahani kana kwamba bado nina miaka sita. Anasema usimwonee huruma tena, ila uje umwone. Ukija vaa sweta, asubuhi kuna baridi.

Nakukumbatia kwa niaba yetu sisi wawili.

Mwanao,
Asimwe