Panda Juu, Nyumba Imepauliwa

Nyumba imepauliwa, Saidi! Bati zote ziko juu, nyekundu, zinang'aa mpaka jirani anaziba macho akipita. Huku Ukonga ndani hakuna paa lililonyooka kama la mama yako, na hilo nalisema bila kumwogopa mtu.

Haya, sasa salamu. Mwanangu mpendwa, wewe ninayekuita baba kwa kuwa una jina la baba yangu, hujambo? Mie sijambo ya mdomoni. Ya moyoni naijua mwenyewe.

Naiandika barua hii wazi kwa sababu simu yako haipatikani. Mama yako mdogo Somoe ataipiga picha aitume kwenye magrupu ya watu wa machimboni, ipite mkono kwa mkono mpaka ikufikie. Wenzako wakikucheka kwamba mama'ko anakuandikia mambo ya gemu, waache wacheke. Wakimaliza wakushike mkono wakuelekeze njia ya nyumbani.

Unakumbuka masika yale Tandale, maji yalipoingia sokoni na sufuria zangu za wali zikaelea? Tulikaa kitandani siku nzima miguu juu, wewe na simu yako, mie na yangu yenye kioo kilichopasuka. Ndipo ukaniwekea lile gemu la matofali. Dunia nzima ya matofali, mtu unaanza mikono mitupu, unakata miti, unachimba mawe, unajenga nyumba kabla giza halijaleta mazimwi. Mie nikauzunguka mti wangu wa kwanza, sijui pa kubonyeza. Ukaniambia, "Mama, huo mti unaukata au unaupa shikamoo?"

Ulicheka wewe! Lakini nikajifunza. Darasa la saba langu lilitosha. Makuli wa sokoni wanaokula kwangu walikuwa wakisimama nyuma yangu kuangalia ninavyojenga, na mmoja alisema nimezaliwa injinia ila nimekosa shule tu.

Tukagawana kazi. Wewe ulipenda shimo. Ukiona chuma ukutani, hujui njaa wala saa. Mie nilikata miti, nikapanda mingine, nikalima ngano, nikafuga kuku. Ukapanda juu siku moja ukakuta mabanda, ukasema, "Mama, hata huku umefungua mgahawa?" Nikakujibu, "Ngoja. Utakuja kula."

Na ukaja kweli. Siku ile ulipokwama chini kabisa, sururu imekukatikia mkononi, chuma kimejaa kuta zote na huna hata kijiti cha kutengenezea mpini mwingine. Huko chini mti hauoti. Ulikuwa tajiri gizani, mwanangu, unashindwa kutoka. Ni mama yako aliyeteremka na mbao, tochi na mkate. Mazimwi nilikuwa nayasikia nyuma ya ukuta, lakini nilishuka. Nilipokufikia ukasema taratibu, bila mzaha, "Asante, mama."

Pale ndipo tulipoweka sheria yetu: safari ya shimo ikiisha, inafuata safari ya msitu. Na mkate ukibaki mmoja unapanda juu, hata kama dhahabu inakukonyeza mbele ya pua.

Uliishika. Kisha ukaivunja. Niliona mkate wako umebaki mmoja, nikakuita, "Baba, panda!" Ukanijibu, "Hii moja tu, mama." Ukachimba chini ya miguu yako mwenyewe, ukatumbukia kwenye ule moto unaotiririka, mie nauita uji. Nilipiga kelele mpaka mama mwenye nyumba akaja mlangoni. Wewe ulikuwa unacheka. Ukanionyesha simu yako: mtu wako ameamka kitandani, ndani ya nyumba tuliyoijenga, mzima. "Si unaona, mama? Kufa kwenyewe ndiyo huku."

Saidi, huko uliko mtu akianguka haamki kitandani.

Ulipoondoka kwenda kwenye dhahabu, kuta zetu za Ukonga zilikuwa wazi na mvua inakula tofali. Ulisema, "Nakwenda kutafuta paa, mama. Nitakuwa nabeba mawe juu tu, shimoni siendi." Nikakuamini, nikajigamba soko zima. Mwanangu yuko machimboni, mwanangu anamwezekea mama yake! Mpaka uliponitumia ile sauti kwenye simu. Ulikuwa unaniuliza kama bati zimefika, na nyuma yako mtu akapaza, "Saidi, shika kamba, zamu yako!" Nimeirudia sauti ile mpaka Somoe ananinyang'anya simu. Anayebeba mawe juu hapewi zamu ya kamba ya kushukia shimoni, baba. Mie si mtoto.

Na mwisho wa ile sauti ukasema nini? "Hii moja tu, mama, halafu narudi." Maneno yaleyale. Tangu hapo simu yako kimya.

Sikujua niende wapi, nikafanya aliyokuwa akifanya marehemu bibi yako kule Masasi mtu wake akiwa safarini. Jioni nikachukua unga wa mtama, nikaumimina taratibu chini ya mpapai wa uwani, ukasimama kama kichuguu kidogo, nikakutaja jina. Unga ukikutwa asubuhi umesimama, msafiri yuko salama. Asubuhi nikatoka. Hakuna kichuguu. Umeporomoka wote, umesambaa mchangani.

Nikakaa chini palepale na kanga ya kulalia. Somoe akatoka, akatazama, akaenda mpaka bandani kwa jirani yetu Mama Zuhura, akarudi. "Dada, huu si mzimu. Ni kuku wa Mama Zuhura. Nenda kamtazame jogoo, bado ana unga mdomoni. Kwani mama alikuwa haufuniki?"

Alikuwa anaufunika. Kwa kibuyu. Nimekulia kwenye desturi ile na kibuyu nikakisahau! Mama Zuhura naye akapaza juu ya ukuta, "Mama Saidi, ukitaka kuwalisha kuku wangu, niambie nikuletee na pumba!" Tukacheka wote. Mie nilicheka kwa mdomo. Jioni ileile nikamimina tena, nikaufunika kwa bakuli, kisha asubuhi nikashindwa kulifunua. Mpaka leo bakuli liko pale chini ya mpapai, Somoe analiruka akienda kuoga. Wali wangu unaungua kila siku, makuli wananiuliza, "Mama Saidi, siku hizi unatupikia makaa?" Nawajibu anayetaka wali mweupe akaoe. Hawajui naogopa nini.

Mchana wateja wakiisha naingia kwenye dunia yetu. Wewe siku hizi huingii, ila naendelea. Nimepanda miti kuuzunguka ule mlima wetu wote. Sanduku la mbao limejaa, la mkate limejaa. Nimeshuka mwenyewe mpaka pale ulipoachia kuchimba, mie mwoga wa giza, nikabandika tochi ukutani njia nzima mpaka mlango wa nyumba, ukitokea usipotee. Chuma chako nimekiacha pale pale. Kinatutosha kilichopo.

Ndicho ninachotaka kukwambia, baba. Paa ulilolifuata limepatikana. Mafundi wamepigilia msumari wa mwisho na mie nimesimama chini yake mvua inanyesha, sikulowa hata ukope. Ulichokitafuta umekipata, na mkate umebaki mmoja. Sasa ni zamu ya msitu. Dirisha halina fremu, sawa, tutaweka gunia. Sakafu ni vumbi, tutatandika mkeka. Usinitafutie kingine huko chini. Hata ikikukonyeza. Hata wakikuita zamu.

Na wewe unayeisoma hii, nawe una mama: ukimwona kijana mrefu, ana kovu la mafuta ya maandazi mkono wa kushoto, anacheka kabla hajamaliza kusema, huyo ni wangu. Mwambie atafute simu popote aniite tu, "Mama." Sitamgombeza. Siku hiyo ndiyo nitalifunua bakuli.

Tunahama Tandale. Baba yako mkubwa anatoka Masasi na mbuzi, makuli wamejitolea kubeba vyombo, Mama Zuhura amesema analeta jogoo yule yule aliyekula unga wako, tumchinje. Chumba cha mbele nimemkatalia kila mtu, hata Somoe. Kitanda chako kimeshatandikwa, lakini nataka ukifikie kwa miguu yako, ukipitia mlangoni, na viatu vina matope.

Kamba ikishushwa, ishike ya kupandia. Mungu akushike mkono mwingine.

Ni mie mama yako, mwenye nyumba ya bati nyekundu, ninayekungoja pamoja na wote Jumapili ya mwisho ya mwezi huu.