Dari ya Nyumba Kubwa ya Ibra

Ibra, usiku wa Ijumaa

Shingo bado inaniuma kwa kuangalia juu.

Leo binamu yangu Nasser alitufungulia nyumba kubwa ya mababu, mimi na shangazi Zuwena. Anataka kuibomoa dari, amwage zege, vyumba viwe vipana vya kulaza watalii. "Nyinyi wageni, watu wa Zinjibar, hamzijui nyumba hizi," aliniambia kwa Kiarabu. Iliniudhi, wallahi. Nilinyamaza kwa kuwa ufunguo anao yeye.

Tangu utotoni tuliambiwa babu alijenga vyumba vyembamba kule Unguja, kama vya huku, kwa hamu ya Ibra, mji wa kwao ng'ambo ya bahari. Leo shangazi kasimama katikati ya ukumbi, udongo unamdondokea mtandioni, akatazama juu, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

"Boriti hizi! Mikoko ya kwetu. Chumba hakiwezi kupita urefu wa boriti."

Subhanallah. Kumbe Ibra ndiyo iliyofuata kipimo cha miti ya pwani ile, na babu akakirudisha kulekule bila ya kujua. Miti ilivuka bahari, ikabebwa na ngamia mpaka huku, na mchwa hawajaiweza hadi leo.

Shangazi alimwonyesha Nasser juu kwa bakora yake, kwa Kiarabu chake cha kuungaunga: "Umetwita wageni, mwanangu. Basi wageni wenzetu hawa wamekukinga jua tangu babu yako hajazaliwa."

Nasser alitazama juu, akatazama sana. Sijui kama ataacha kubomoa, na naogopa.

Lakini tulipotoka, ufunguo alinipa mimi nifunge.