Ubeti Ambao Baba Aliuruka

Mpendwa Wambui,

Barua yako imetufikia. Huku Molo baridi ni ileile, viazi vimekubali, na goti la cucu, bibi yako, limepata nafuu. Anakusalimu.

Unauliza utaonyeshaje kwamba mume na mke katika hadithi yako wanapendana, bila kuwafanya waseme. Nitakueleza nilichokiona nikiwa mdogo.

Baba alikuwa na wimbo wake wa jioni, na kila mara aliruka ubeti wa pili, maana hakuujua. Mama alimcheka: "Baba Kamau, umeruka tena!"

Halafu ikaja Hali ya Hatari ya wakoloni, baba akachukuliwa na askari, akawekwa kizuizini. Mama akawa anauimba wimbo ule tukichuma maua ya pareto shambani, naye akiruka ubeti uleule. Jirani mmoja akamwambia, "Mama Kamau, umesahau hapo katikati."

"Sijasahau," mama akajibu. "Yeye huruka hapo."

Baba alirudi baada ya miaka kadhaa. Jioni hiyo mama alianzisha wimbo akimenya viazi, baba akaitikia. Walipofika pale, mama akaruka. Baba akauimba ubeti wa pili wote, bila kukosea. Mama akaweka kisu chini, akamtazama kama mgeni.

"Nani alikufundisha?"

"Kule kizuizini tulikuwa na wakati mwingi," baba akasema.

Hawakulizungumzia tena. Lakini tangu siku hiyo, kila wakifika pale, mama alinyamaza, akamngoja baba aumalize ubeti ule peke yake.

Nasi huku tunakungoja.

Guka, babu yako,
Kamau